Kisa cha shimo la tanki Bagamoyo: tulivuta maji, tukaondoka na mchanga wa jirani

Majina nimetoa, mtaa nimeuficha, na vitu viwili vitatu vya kumtambulisha mtu nimeviacha, sitaki mtu aende kunyooshea kidole nyumba ya watu. Mimi niliitwa siku ya sita, kwa hiyo ya mwanzo nimeyapata kwa foromani, kwa vijana wa pampu, na kwa bibi mwenye nyumba ya jirani, ambaye kumbukumbu zake zilikuwa safi kuliko daftari la saiti.

## Eneo lilivyokuwa

Mteja alikuwa anajenga loji ya ghorofa moja upande wa mji wa zamani, kama mita 200 hivi kutoka ufukweni. Biashara ya wageni haitaki kusikia maji yamekatika, kwa hiyo akataka tanki la chini la lita laki moja na kitu. Shimo lake mita 5.5 kwa 8.5, kina mita 3.2, na jamvi la juu, yaani zege la kulifunika, liwe usawa wa ardhi ili pawekwe viti.

Jirani ni bibi mmoja mtu mzima sana. Nyumba yake ya mbele ni ile ya kizamani, mawe ya matumbawe na chokaa, kuta karibu nusu mita, dari la boriti za mikoko. Nyuma yake watoto walikuja kumwongezea vyumba viwili vya tofali za sementi za inchi 6, msingi sentimita 60 tu, mkanda wa zege haupo chini wala juu. Sasa hivyo vyumba vya nyongeza ndo vilikuwa karibu na sisi, mita 4 na nusu kutoka ukingo wa shimo. Nyumba ya mawe iko kama mita 9, na kisima chake kiko uani, mita 11.

Udongo ulipimwa, nisiseme haukupimwa. Vijana wawili walichimba shimo la majaribio Februari, kaskazi inapiga, jua kali, wakafika mita 2 wakakuta mchanga wenye unyevunyevu, ikaandikwa "mchanga, maji hakuna", basi. Shimo la mita 3.2 limepimwa kwa shimo la mita 2, tena kabla ya masika. Kazi imeanza Juni mwanzoni, masika ndo imetoka kuisha, maji yako mita 1.3. Na kuanzia mita 2.4 upande wa bibi kulikuwa na tabaka la mfinyanzi wa kijivu, laini, unene kama sentimita 70, halafu chini yake matumbawe yaliyovunjikavunjika. Hilo tabaka tulilijua wakati tayari tumesimama ndani yake.

## Mambo yalivyokwenda

Jumatatu wamechimba vizuri mpaka kwenye maji. Ikaletwa pampu ya petroli ya inchi 3, hosi ikatumbukizwa kwenye kishimo kilichochimbwa kwenye kona. Kona gani? Ile ya upande wa bibi. Sababu ni rahisi tu, mtaro wa barabara uko upande huo na hosi ya kutolea ilikuwa fupi. Yaani mahali pa kuvutia maji pamechaguliwa na urefu wa hosi, hakuna aliyewaza msingi wa mtu.

Jumanne wameamka shimo limejaa, kuta zinamomonyoka, chini mchanga unachemka kama uji. Foromani akaleta pampu ya pili na akaamua zipigwe usiku na mchana. Simlaumu moja kwa moja kwa hilo, kwa sababu ukizima usiku asubuhi unaanza upya na kingo zinaanguka, kuendelea kuvuta kulikuwa na mantiki yake. Kosa lilikuwa kwamba hosi ziko uchi, hakuna chujio, hakuna kokoto, hakuna hata pipa lililotobolewa. Maji yalikuwa yanatoka ya rangi ya chai ya maziwa.

Jumanne hiyo hiyo jioni mjukuu wa bibi alikuja saiti: bibi anasema ndoo inagonga mchanga, kisima kimekauka. Foromani akaenda kwa heshima zote, shikamoo bibi, marahaba mwanangu, mmenikaushia kisima. Akamjibu asiwe na wasiwasi, watamletea maji. Wakampelekea ndoo kumi kila asubuhi na wakajiona waungwana. Hakuna aliyekaa akajiuliza kisima kilicho mita 11 kimeshuka zaidi ya mita moja kwa siku mbili, je, chini ya vyumba vilivyo mita 4 na nusu kuna nini.

Jumatano mama anayeuza mihogo pale barabarani alilalamika mtaro umejaa mchanga, maji yanamjia mezani. Vijana wakaenda kuuzoa. Na hapa kuna kitu hata leo nikikumbuka nacheka halafu nanyamaza: fundi mmoja wa nyumba ya mtaa wa pili alikuja na toroli akaomba mchanga ule wa mtaroni, mzuri, laini, umeoshwa, unafaa plasta. Wakampa. Nilipokuja kuuliza walihesabu toroli kama 35 kwa siku tatu. Toroli moja ukiikadiria lita 60, hapo una kama mita 2 za ujazo. Mchanga ule hakuna aliyeuchimba.

Alhamisi mlango wa chumba cha nyuma ukagoma kufunga. Ijumaa ukatokea ufa kutoka kona ya dirisha kwenda juu kwa mshazari, tofali kwa tofali kama ngazi, na pale nyongeza inapokutana na nyumba ya mawe ukuta ukaachana, ukipitisha sarafu inaingia. Foromani alituma kijana akazibe kwa sementi. Nia njema, lakini alifuta kitu pekee kilichokuwa kinatueleza ufa unakua kwa kasi gani. Jumamosi asubuhi ile sementi nayo ilikuwa imepasuka, ndo nikapigiwa simu.

## Maamuzi ya Jumamosi

Nilipofika kila mtu amesimama ukingoni anaangalia shimo, kama vile nyumba itaanguka kuelekea kwetu. Mimi nikafuata hosi mpaka mwisho wake, nikakinga maji kwenye chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, nikaiweka juu ya tofali. Dakika kumi baadaye chini kulikuwa na mchanga wa kina cha kidole. Nikajua.

Mteja alitaka tuendelee, zege la chini limwagwe Jumapili tumalize. Mwenyekiti wa mtaa alitaka pampu zizimwe saa ile ile. Wote wawili niliwakatalia, na ikabidi nieleze. Kuendelea siku mbili zaidi ni kuondoa mchanga mwingine chini ya vyumba ambavyo tayari vimelegea. Kuzima ghafla nako shimo halina kingo za kushikilia, mabanzi na mirunda vilikuwa upande mmoja tu, maji yangerudi kwa kasi kupitia kuta za mchanga na kuziporomosha, na ukingo ukiporomoka mita moja mbili tayari unaelekea kwenye msingi.

Tukafanya hivi: familia ikahama vyumba vile viwili ikalala nyumba ya mbele, pampu moja ikazimwa, ile nyingine ikatumbukizwa ndani ya pipa lililotobolewa na kuzungushiwa kokoto, tukapanga viroba vya mchanga kwenye kuta upande wa bibi mpaka usawa wa maji, halafu tukayaacha maji yapande polepole usiku kucha tukipunguza mwendo wa pampu. Jumapili alfajiri yalikuwa nusu mita kutoka usawa wake wa kawaida. Tukazima kabisa.

Hapo ndo tukaanza kupima, na tukagundua kituko. Saiti walikuwa wanachukua leveli zao, yaani vipimo vya kujua kitu kiko juu au chini kiasi gani, kutoka kwenye msumari, na msumari wenyewe umepigiliwa kwenye ukuta wa vyumba vya bibi! Kwenye daftari sakafu ya shimo ilikuwa "inapanda" milimita chache kila siku, foromani akadhani kijana anasoma vibaya. Kumbe kinachoshuka ni msumari. Tukahamishia alama kwenye kalvati ya zamani kama mita 100 kutoka pale. Mita 100 sikuzitoa hewani, kwa fomula ya Sichardt ukishusha maji mita 2.2 kwenye mchanga laini wa aina ile, athari inafika kama mita 66. Ni ya kukadiria tu lakini inakwambia usiweke alama yako wapi.

Kona ya nje ya nyongeza ilikuwa imeshuka milimita 22 kuliko kona iliyoshikana na nyumba ya mawe, urefu kati yao mita 4.2. Hiyo ni kama 1 kwa 190, yaani umeshuka milimita 1 kwa kila milimita 190 za urefu. Kipimo cha wahandisi Skempton na MacDonald cha mwaka 1956 kinasema ukizidi 1 kwa 300 kuta zinaanza kupasuka, kwa hiyo ufa ule ulikuwa haki yake.

## Tulivyorudi kazini

Tulisimama wiki tisa. Mteja hakufurahi, ila wakati wa kusubiri tulipiga hesabu ambayo ilitakiwa kupigwa kabla ya jembe la kwanza, tukakuta tanki lile la awali lingekuja kuelea. Kina chake ndani ya maji ya masika ni karibu mita 1.85, eneo la chini mita za mraba 46 na kitu, maji yanasukuma juu kama tani 86, na zege lote likiwa tupu halifiki tani 82. Siku unalikausha ulisafishe, linanyanyuka na mabomba yake. Baada ya hapo mteja alisikiliza.

Tanki likapandishwa. Chimba mita 1.9 tu, lililobaki litokeze juu ya ardhi, na pale juu pamejengewa ngazi, wageni wanakunywa kahawa wakiangalia majahazi, wanadhani ndo ubunifu wa loji. Badala ya kushusha maji mita 2.2 tukawa tunahitaji 0.9, na kufika Agosti usawa ulikuwa umeshuka wenyewe ikabaki kama 0.7.

Pampu zikahamia upande wa mbali na bibi, ndani ya mabomba manne ya plastiki ya inchi 6 yaliyotobolewa, yamevishwa kitambaa cha kuchujia na kuzungukwa kokoto ndogo. Yote yanatolea kwenye pipa kwanza ndo yaende mtaroni, ili mchanga ukija uonekane. Halafu kati ya shimo na vyumba tukachimba mfereji mwembamba, tukaujaza kokoto, sehemu ya maji tuliyovuta tukawa tunayarudisha humo ili chini ya msingi pasikauke. Mfereji huo uliziba siku ya tatu kwa tope laini, ikabidi tutoe kokoto za juu tuzioshe. Maji ya kurudisha lazima yawe masafi, yakiwa na tope unajizibia mwenyewe.

Na chombo chetu kikuu cha kupimia kilikuwa kisima cha bibi. Kamba yenye mafundo kila sentimita 10, kijana anasoma mara tatu kwa siku, mjukuu anaandika pembeni. Kikishuka fundo 3 kutoka kawaida, pampu moja inazimwa bila kuuliza mtu. Wiki ya kwanza tulizima mara mbili bure, kumbe ilikuwa bamvua, maji ya bahari yakipwa sana na kisima kinashuka kama kiganja, yakijaa kinapanda. Bibi alitucheka, anasema hilo si hata mtoto analijua. Tukaanza kuandika na saa za maji kujaa na kupwa.

## Matokeo

Tanki lilimwagwa siku 16 toka turudi. Pampu hatukuzizima mpaka jamvi la juu limekauka na tanki limejazwa maji nusu. Kipindi chote hicho cha pili kona ya bibi ilishuka milimita 1, ambayo leveli yetu yenyewe inaweza kukosea kiasi hicho.

Ila katikati, zile wiki tisa za kusubiri, iliongeza milimita 3 na pampu zimezimwa. Injinia wa mteja alisema ni mfinyanzi unaendelea kujikaza. Mimi sikubaliani sana, maana maji yalisharudi, mzigo uliokuwa unaukamua ule mfinyanzi umeshapungua. Nadhani ni mchanga uliolegea pale ulipochukuliwa mwenzake, unajipanga upya. Hatukuthibitisha.

Msingi wa nyongeza ulichimbwa na kushushwa kwa vipande vya mita moja, kimoja na kuacha viwili, ukawekewa mkanda wa zege, ufa ukashonwa kwa nondo. Nani alipe ilikuwa vita. Kontrakta alidai ufa ulikuwepo zamani, na kwa kuwa hakuna aliyepiga picha kuta za jirani kabla ya kuanza, bibi alikuwa hana la kumjibu. Kilichomwokoa ni harusi. Mjukuu alikuwa na picha kwenye simu, bibi harusi kasimama mbele ya dirisha lile lile miezi mitatu nyuma, ukuta nyuma yake safi kama karatasi. Mteja na kontrakta wakagawana gharama.

Kisima maji yalirudi lakini yakawa na chumvi, karibu miezi minne. Pwani yetu maji baridi yanaelea juu ya maji ya bahari, na uwiano ni mbaya kwetu: kila mita moja ya maji baridi juu ya usawa wa bahari inashikilia chini kama mita 40. Ukishusha ya juu kidogo tu, ya chumvi yanapanda sana. Bibi aliendelea kufulia, ya kunywa akanunua, na hiyo gharama hakuna aliyeiweka kwenye hesabu mpaka mwenyekiti wa mtaa alipoitaja.

## Uchambuzi

Kuna mambo mawili yalitokea chini ya vile vyumba na watu wanayachanganya. La kwanza ni mzigo. Udongo uliozama kwenye maji unabebwa kidogo na maji yenyewe, ukiyatoa, punje zinabaki kubeba kila kitu zenyewe. Ndo kanuni ya mhandisi wa udongo Karl Terzaghi ya miaka ya 1920. Kila mita ya maji unayoshusha ni kama umeweka karibu tani moja kwa kila mita ya mraba, na kwa kukadiria, ghorofa moja ya nyumba ya kawaida nayo ni hivyo hivyo. Pale shimoni tulishusha 2.2, yaani kama tumepandisha ghorofa mbili bila mtu kuona hata tofali. Kwa bibi ilikuwa pungufu, lakini si ndogo. Mchanga mzigo huo unaumeza kwa milimita chache na unamaliza haraka, mfinyanzi laini ndo unashuka sana na polepole, miezi, hata miaka. Mji wa Mexico umezama mita kadhaa kwa namna hiyo.

La pili ni mchanga kuondoka, na kwa kisa hiki naweka lawama kubwa hapa. Siku sita ni chache kwa mfinyanzi, haukupata muda wa kushuka milimita zote 22. Lakini mita 2 za ujazo ukizitandaza kwenye eneo la mita 5 kwa 8 ni sentimita 5. Sehemu kubwa ilitoka kwenye kingo zetu wenyewe, sawa, ila hata nusu yake ikitoka upande wa msingi inatosha kabisa kueleza ufa. Na hili ndo lilikuwa rahisi kuzuia kuliko yote, pipa, kitambaa, kokoto, na kuhamisha kishimo kwenda kona nyingine. Hosi ndefu ingegharimu kidogo kuliko mlango mmoja wa bibi.

Watu wengi mtaani waliogopea nyumba ya mawe, nami kusema kweli nilipoingia niliiangalia hiyo kwanza. Ilipata nyufa za nywele kwenye plasta tu. Iko mbali zaidi, imeshajikalia miaka mingi, na chokaa ina huruma, inajinyoosha kidogo kidogo, wakati tofali za sementi bila mkanda hazina subira. Ila nisisifie sana, pampu zingeendelea wiki tatu sijui ningeandika nini hapa.

Kilichofanya kazi ni kutozima ghafla, kuhamisha alama ya leveli, na kile kisima. Kisima kilishatuambia siku ya pili. Tuliposikia malalamiko ya maji tukafikiri bibi anataka maji, tukampa ndoo, kumbe alikuwa anatusomea kipimo ambacho saiti haikuwa nacho. Siku hizi nikifika saiti yoyote ya pwani nazunguka kwa majirani kwanza, naomba kuchungulia visima, napima, napiga picha kuta zote na mwenye nyumba akiwa amesimama pembeni.

Shimo la majaribio nalo, lichimbwe baada ya mvua na lipite kina cha kazi angalau mita moja mbili, si kuishia pale mikono inapochoka.

Masika iliyofuata kona ile haikusogea. Tanki limeachwa na maji nusu muda wote, na meneja wa loji alipotaka kulisafisha Aprili nilimwambia asubiri Agosti, hata kama hesabu mpya inasema haliwezi kuelea.